Kutoka Dungu hadi Bwawa: Mto Rufiji na Watu wa Bonde Lake

Mtu akitaka kuisoma historia ya nchi yetu kwa njia ya maji, hana budi aanzie Rufiji. Mto huu hukusanya maji ya eneo la kilometa za mraba zipatazo 177,000, yaani karibu sehemu moja kwa tano ya Tanzania Bara. Maji ya Mbeya, ya Iringa, ya Njombe, ya Morogoro na ya Ruvuma hushuka kwa njia tatu kubwa: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Kilombero peke yake huleta zaidi ya nusu ya maji yote. Mito hiyo ikiisha kukutana, hupenya katika korongo jembamba lenye kuta za mawe, kisha hutoka na kutandaa katika bonde pana la tambarare, hadi mto unapogawanyika matawi mengi katika delta na kuingia Bahari ya Hindi ukikitazama kisiwa cha Mafia. Katika bonde hilo, kati ya korongo na delta, ndimo ilimo Ngorongo, pamoja na Mkongo, Kipugira, Mwaseni na vijiji vingine ambavyo jina lake halisikiki sana nje ya Mkoa wa Pwani.

Katika miaka hii ya karibuni Rufiji imetajwa mno. Imetajwa kwa daraja, kwa bomba la gesi, kwa hifadhi ya wanyama, na zaidi ya yote kwa bwawa kubwa la umeme. Vitabu vya shule vitaandika habari hizo, na ni haki viziandike. Lakini twaona pana upungufu katika namna zinavyosimuliwa. Husimuliwa kana kwamba kabla ya saruji na chuma bonde hili lilikuwa tupu, pori la mamba na viboko lililokuwa likimngoja mhandisi. Sivyo. Watu wa Rufiji walikuwa na mitambo yao ya kuishi na maji, nayo ilikuwa na kanuni, kalenda na msamiati wake. Tumekusudia katika makala haya kuieleza mitambo hiyo kwanza, kisha kuonyesha jinsi kila hatua ya maendeleo ya Taifa ilivyoigusa.

Msingi wa maisha ya bondeni ulikuwa mafuriko. Msomaji wa mjini akisikia neno hilo hufikiri maafa. Mkulima wa Rufiji alipolisikia alifikiri pia mbolea, samaki na chakula cha mwaka ujao. Mvua za kwanza zilipoanza, mwezi wa Novemba au Desemba, alipanda mpunga katika ardhi ya bondeni. Mpunga ulikuwa na miezi kadhaa ya kukua kabla maji ya nyanda za juu hayajafika, kwani kilele cha mafuriko kwa kawaida kilikuwa mwezi wa Aprili. Hapo palikuwa na mashindano ya kweli kati ya mmea na mto. Mafuriko yakija mapema, mpunga mchanga ulizama ukaoza. Yakija na kimo cha wastani, mpunga ulisimama ndani ya maji ukakomaa. Yasipokuja kabisa, ulikauka. Maji yalipoanza kupungua, mwezi wa Mei na Juni, yaliacha tope jipya lenye rutuba, na juu ya tope hilo mkulima alipanda mazao ya pili: mahindi, kunde, choroko, maboga, na katika zama za mkoloni pamba. Kilimo hicho cha kufuata unyevu wa maji yanayopungua huitwa mlao. Mlao haukutaka mvua, haukutaka mfereji wala pampu, na mbolea yake ililetwa na mto bila malipo.

Aidha maji yale yalifanya kazi nyingine ambayo haionekani upesi. Kandokando ya mto yamo maziwa ya kudumu, kama Ruwe, Utunge na Zumbi. Mafuriko yalipopanda, mto na maziwa vilikuwa kitu kimoja, nao samaki waliingia humo kuzaa. Yalipopungua, maziwa yalifungwa yakiwa yamejaa perege na kambale, na wavuvi wakawa na kitoweo cha miezi mingi. Kwa hiyo mwaka usio na mafuriko ulikuwa mwaka wa njaa mara mbili, njaa ya ugali na njaa ya kitoweo.

Kwa maisha hayo ilihitajika nyumba ya namna yake, nayo ni dungu. Dungu hujengwa juu ya nguzo ndefu, sakafu yake ikiwa juu ya kimo ambacho maji yanatazamiwa kufika, na watu hupanda kwa ngazi. Katika msimu wa kilimo jamaa nzima ilihamia bondeni ikaishi dunguni: kulinda mpunga dhidi ya ndege, nyani, nguruwe pori na viboko, kupika, kulala na kulea watoto. Maji yalipojaa chini ya nyumba, mtumbwi ulifungwa kwenye nguzo kama baiskeli inavyoegemezwa ukutani, na jirani alitembelewa kwa upondo. Mtu aliyejenga dungu alikuwa akitoa kauli ya kitaalamu: kwamba maji ya mwaka huu hayatapita hapa. Kauli hiyo ilitokana na kumbukumbu za wazee, na aliyekosea aliilipia. Twapenda walimu walitazame dungu kwa jicho hilo, kwa maana mara nyingi limeitwa kibanda, na kwa kuitwa hivyo likadharauliwa.

Upande wa delta palikuwa na uchumi mwingine, ulioiunganisha Rufiji na dunia tangu kale. Mikoko ya delta ni msitu mkubwa kupita yote ya aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, na boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba, nchi zisizo na miti ya kujengea. Hata majumba ya mawe ya miji yetu ya pwani yana alama ya biashara hiyo: upana wa vyumba vyake vya zamani uliamuliwa na urefu wa boriti iliyobeba dari. Ni jambo dogo, lakini lafaa kukumbukwa na kila anayefundisha habari za utamaduni wa pwani, kwamba msitu wa Rufiji uliwapimia vyumba watu ambao hawakupata kuuona.

Wadachi walipolitawala bonde waliona kitu kimoja tu, yaani pamba. Waliwalazimisha watu kulima mashamba ya pamba ya pamoja, na sisi sote twajua matokeo yake. Vita ya Maji Maji ya mwaka 1905 ilianzia katika milima ya Matumbi iliyo kusini mwa bonde, na Kinjikitile Ngwale, aliyewakusanya watu wa makabila mengi kwa jina la maji, alikuwa mtu wa Ngarambe. Alinyongwa Mohoro mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Wanahistoria wameeleza sababu za vita ile kwa marefu. Sisi twataka kuongeza jambo moja tu la kilimo. Pamba ya kulazimishwa ilidai siku za mkulima bila kuulizia kalenda yake. Katika bonde lenye mashindano ya mpunga na mto, siku zilizopotea hazilipiki. Miaka kumi baadaye Wadachi hao hao waliificha manowari yao Königsberg ndani ya delta, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja mwezi wa Septemba 1914. Waingereza waliisaka katika mikondo ile kwa miezi mingi, na haikuangamia mpaka tarehe 11 Julai 1915. Mataifa mawili yenye nguvu yalihangaika mwaka mzima katika njia za maji ambazo mkata mikoko alizipita kila siku kwa mtumbwi.

Fikra ya kuufunga mto nayo ni ya zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mzungu mmoja aitwaye Stiegler alifika korongoni kwa kazi ya upimaji, na inasimuliwa kwamba aliuawa na tembo mahali pale. Korongo likaitwa kwa jina lake kwa zaidi ya miaka mia moja. Katika miaka ya 1950 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilifanya uchunguzi mrefu wa bonde zima la Rufiji. Mwaka 1975 Bunge lilianzisha Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Mto Rufiji, iliyojulikana kwa jina la RUBADA, na wataalamu wa Norway wakachora michoro ya bwawa. Fedha hazikupatikana. RUBADA yenyewe ilivunjwa mwaka 2017, bwawa likiwa bado karatasini. Kwa muda wa vizazi vitatu, basi, watu wa Ngorongo waliishi chini ya bwawa lisilokuwapo, wakiona wapimaji wanakuja na kuondoka.

Lakini kabla ya bwawa kulikuja jambo lililobadilisha maisha ya bonde zaidi ya michoro yote hiyo. Mwaka 1968 mafuriko yalikuwa makubwa mno, na Serikali ikaamua kuwahamisha watu kutoka bondeni hadi miinukoni. Hiyo ndiyo Operesheni Rufiji, iliyotangulia kwa miaka kadhaa operesheni za vijiji katika mikoa mingine. Watu waliokuwa wametawanyika kando ya mto walikusanywa katika vijiji vya ujamaa juu ya kingo kavu, vingi vikiwa upande wa kaskazini. Nia ilikuwa njema na faida zilionekana: shule, zahanati, visima, na barabara iliyoweza kufika mlangoni. Hatuna haja ya kuyapunguza hayo. Watoto wengi wa bonde walijua kusoma kwa sababu ya kuhama huko.

Hata hivyo mashamba hayakuhama. Ardhi ya miinukoni ni ya mchanga, yafaa korosho na muhogo, haifai mpunga. Mkulima akawa na makazi mawili: kijiji cha kusomeshea watoto, na dungu la kulimia, mwendo wa saa nyingi kati yake. Msimu ulipofika, wazazi waliteremka bondeni, na mwalimu wa kijijini akakuta madawati yamebaki na nafasi, maana mama hawezi kumwacha mtoto mdogo miinukoni peke yake kwa miezi minne. Mafuriko mengine yalikuja, na ukame nao ukaja. Vijiji vilibaki. Mlao nao ulibaki, kwa kuwa tumbo halikuhamishwa na operesheni.

Hapa ndipo tunapoingia katika habari za utalii, ambazo huzungumzwa kana kwamba ni jambo la jana. Ardhi ya magharibi ya Ngorongo ilianza kutengwa kwa ajili ya wanyama tangu enzi ya Wadachi, na wenyeji wakaiita Shamba la Bibi, kwa masimulizi kwamba mfalme wa Wajerumani alimpa mkewe kama zawadi. Waingereza waliipanua, wakawaondoa watu wa upande wa Liwale katika miaka ya 1940 kwa hoja ya ugonjwa wa malale, na wakaipa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa vitani Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Mwaka 1982 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2019 sehemu yake ya zaidi ya kilometa za mraba 30,000 ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na lango lake la mashariki likawa Mtemere, karibu na kijiji cha Mloka. Hoteli zikajengwa kando ya mto. Nchi nzima ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.8 mwaka 2023, na baadhi yao walipanda boti katika maji haya haya kutazama viboko.

Kwa mtalii, simba ni picha. Kwa mlinda mpunga ni jambo jingine. Kati ya Agosti 2002 na Aprili 2004 watu wapatao 35 waliuawa na simba katika vijiji vinane vya Wilaya ya Rufiji. Simba aliyedhaniwa kuwa mhusika mkuu alipouawa alikutwa na jipu kubwa katika jino. Watu wengi wakaridhika na maelezo ya jino. Lakini watafiti waliochunguza mashambulizi ya simba nchini, ambao mwaka 2005 walihesabu zaidi ya Watanzania 560 waliouawa tangu mwaka 1990, walionyesha sababu iliyo karibu zaidi na maisha ya mkulima: nguruwe pori huingia mashambani usiku, mkulima hulazimika kulala shambani kuwafukuza, simba naye huwafuata nguruwe, na humkuta mtu. Basi tukirudi kwenye dungu, twaona kwamba nyumba iliyobuniwa kumwepusha mtu na maji ndiyo aliyolala akingoja mnyama. Na aliendelea kulala humo, kwa kuwa asiyelinda hakuvuna. Hesabu ya faida ya utalii isiyoutia ndani usiku wa mlinda mpunga ni hesabu pungufu, na twasema hivyo tukijua kwamba fedha za utalii zinajenga shule na hospitali mahali pengi.

Katika kipindi kile kile cha simba, upande wa mashariki wa wilaya kulikuwa na shangwe. Mwaka 2003 lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, kuuvuka mto katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara. Aliyekuwa hajasafiri kusini kabla ya hapo hawezi kujua maana yake. Magari yalivuka kwa pantoni pale Ndundu. Mto ukijaa, safari ilisimama. Barabara ya upande wa pili ikilowa, ilisimama tena. Mikoa ya kusini ilikuwa kama kisiwa kwa miezi kadhaa kila mwaka, na methali za kejeli juu ya “kwenda kusini” zilitokana na hali hiyo. Daraja lilikiunganisha kisiwa hicho na Taifa. Mwaka uliofuata, 2004, gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kufika Dar es Salaam kwa bomba, na mwaka 2015 bomba kubwa zaidi kutoka Mtwara likafuata. Hivyo bonde la Rufiji likawa mahali ambapo vitu vya nchi hupita: magari juu, gesi chini, na baadaye umeme angani. Neno “hupita” tumelichagua makusudi. Barabara ya kutoka Kibiti kuelekea Ngorongo na Mloka iliendelea kwa miaka mingi kuwa ya udongo na changarawe, na watu wa Utete walizidi kutazamia kivuko cha kwenda Mkongo wakati daraja lilikuwa tayari limesimama chini zaidi ya mto.

Sasa twafika kwenye bwawa. Ili kulipima kwa haki, yafaa tukumbuke kiza. Kabla ya mwaka 2018 sehemu kubwa ya umeme wa maji wa nchi hii ilikuwa tayari inatoka katika bonde hili la Rufiji, kupitia vituo vya Kidatu, Mtera na Kihansi vilivyo kwenye mito yake ya juu. Mvua zilipokosekana, kama miaka ya 2006 na 2011, viwanda vilisimama, vinyozi walikaa mbele ya vioo bila kazi, na wanafunzi walisomea koroboi. Taifa lenye megawati zisizozidi 1,600 au karibu yake halikuweza kuzungumza viwanda kwa sauti kubwa. Mwezi wa Desemba 2018 Serikali ilitia saini mkataba na makampuni mawili ya Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, wa kujenga mradi wa megawati 2,115. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 26 Julai 2019, na korongo likavua jina la Stiegler na kuvaa la Julius Nyerere. Vifaa vililetwa kwa barabara na kwa reli ya TAZARA hadi stesheni ya Fuga. Tarehe 22 Desemba 2022 milango ilifungwa ili maji yaanze kujaa. Mwezi wa Februari 2024 mtambo wa kwanza wa megawati 235 uliingiza umeme katika gridi ya Taifa, na mwezi wa Aprili 2025 mitambo yote tisa ilikuwa imekamilika. Ukuta una kimo cha mita 131, na ziwa lililo nyuma yake laweza kubeba zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Umeme husafiri kwa njia ya msongo wa kilovolti 400 hadi Chalinze.

Mashirika ya nje ya uhifadhi yalipinga, yakihofia msitu na wanyama. Serikali ilijibu kwamba nchi maskini haiwezi kukaa gizani ili kuwapendezesha walio na taa. Jibu hilo sisi twaliona lina nguvu. Lakini mabishano yote yale, ya ndani na ya nje, yalikuwa juu ya tembo na juu ya megawati. Mkulima wa mlao alitajwa kwa nadra.

Naye ndiye aliyeguswa kwanza. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022 mto uliokuwa ukiongozwa na mvua za Kilombero umekuwa ukiongozwa pia na vali na milango. Mitambo ya umeme hutaka maji yatoke kwa kiasi kinachokaribiana mwaka mzima. Mlao hutaka yapande sana kisha yashuke sana. Tope lililokuwa mbolea ya bonde hutulia sasa nyuma ya ukuta, na hata mikoko ya delta, inayosimama juu ya matope yanayoletwa na mto dhidi ya mawimbi ya bahari, inategemea mzigo huo huo. Hayo si lawama kwa wahandisi. Ndivyo bwawa lolote linavyofanya kazi.

Kisha ulikuja mwaka 2024. Mvua za El Niño zilinyesha kupita kiasi katika nyanda za juu, bwawa likajaa, na maji yakafunguliwa. Mwezi wa Aprili Muhoro na vijiji vingi vya Rufiji na Kibiti vilizama. Nyumba, shule na mashamba vikawa chini ya maji. Watu wengine walidai kwamba bwawa ndilo lililowafurikisha. Serikali ilieleza kwamba pasipo bwawa mafuriko yangekuwa makubwa zaidi na yangefika mapema zaidi. Kihandisi maelezo hayo yana mantiki: bwawa halitengenezi mvua, na lililojaa haliwezi kupokea zaidi ya linachotoa. Lakini mtu wa bonde alikuwa na hoja yake, nayo haikuwa ya kihandisi. Mafuriko ya zamani aliyajua kwa dalili: rangi ya maji, takataka zinazoelea, siku tangu mvua za juu. Mafuriko ya sasa yatategemea pia uamuzi uliofanywa chumbani, na dalili za uamuzi hazionekani mtoni. Wananchi wakahimizwa tena kuhamia miinukoni, kama mwaka 1968.

Tunataka kusimama kidogo mahali hapa. Kuhimizwa kuhama kwa mara ya pili ndani ya miaka 56 ni ushahidi kwamba mara ya kwanza swali la shamba halikujibiwa. Watu walirudi chini kwa kuwa chakula kilikuwa chini. Na wakati ule mto ulikuwa huru; leo una mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ni sisi sote, yaani Taifa. Kwa hiyo linaloulizwa leo si la kiufundi tu.

Mifano ya dunia ipo. Misri, ambako yalitoka makampuni yaliyojenga ukuta wetu, ilifunga Nile pale Aswan, na baada ya bwawa lile kukamilika mwaka 1970 mafuriko yaliyolisha mashamba ya mafarao kwa maelfu ya miaka yalikoma. Misri ilipata umeme na kinga ya ukame. Ilipoteza tope, nayo ikalazimika kununua mbolea za viwandani, na fukwe za delta yake zikaanza kuliwa na bahari. Upande wa magharibi wa bara letu, mto Senegal ulipofungwa kwa bwawa la Manantali nchini Mali katika miaka ya 1980, wakulima wa bonde la chini walikuwa kama wa kwetu: walipanda mtama katika unyevu wa maji yanayopungua. Huko pakazaliwa mpango wa kuachilia maji kwa makusudi katika msimu wake, ili bonde lifurike kwa kiasi kilichopangwa. Mpango ule haukutimizwa kila mwaka, kwa kuwa umeme nao una wadai wake. Lakini ulikubali jambo la msingi, kwamba mafuriko ni haki inayoweza kuandikwa katika kanuni za bwawa.

Twaona Rufiji inastahili mjadala wa namna hiyo, na kwamba mjadala huo hauwezi kuendeshwa na wahandisi peke yao, kwa sababu sehemu ya takwimu zinazohitajika haimo katika vitabu vyao. Maji yafike kimo gani ili tope lisambae lakini dungu lisizame? Wiki gani mpunga unaweza kuvumilia, na wiki gani hauwezi? Mkondo gani hufungua Ziwa Ruwe, na kwa siku ngapi ili samaki waingie? Majibu yake yako katika vichwa vya watu, na kwa Kiswahili na Kirufiji chenye maneno ambayo kamusi zetu zimeyaacha nje au zimeyapa mstari mmoja. Taarifa ya kufunguliwa kwa milango ikitolewa kwa mita za ujazo kwa sekunde, haimsaidii mtu aliye dunguni. Ikitolewa kwa kusema maji yatafika kwenye kimo cha mwaka fulani anaoukumbuka, itamfikia.

Kazi hiyo iko karibu na walimu wa shule za bonde kuliko mtu mwingine yeyote. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye daftari aweza, katika likizo moja, kumhoji babu yake juu ya miaka ya maji makubwa na miaka ya maji madogo, apime alama zilizobaki kwenye miti ya kando ya maziwa, na aandike jina la kila aina ya udongo na zao linaloufaa. Vijana waliolala dunguni katika mafuriko ya mwaka 1968 wakiwa na umri wa miaka kumi na minane wamepita sasa miaka sabini. Wengi wao wanaishi katika vijiji vya miinukoni walikohamishiwa wakati ule, na jioni, taa za umeme zinapowashwa, bado huuliza maji yamefika wapi.